Maandishi ya Ndani ya Mlango wa Kabati

“Umelewa?”

“Nimekunywa maji tu, mke wangu.”

“Maji gani ya kukuyumbisha saa tatu asubuhi?”

Brashi aliegemea kabati asianguke. Ndani ya mlango wake, kwa rangi nyekundu, kulikuwa na maneno aliyoyachora mwenyewe miaka minne nyuma: NIKISEMA NIKO SAWA, USINIAMINI.

Bwana huyu alikuwa mchora mabango. Aliwahi kuchora samaki kwenye ukuta wa muuza samaki, paka wa mtaa mzima wakahamia pale wiki nzima, mmoja akavunjika jino. Bisha ukitaka. Lakini alikuwa pia na baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Akipanda, hapati usingizi, anachora hata ukuta wa jirani bila kuombwa. Akishuka, kuoga tu kunamshinda. Vidonge vya lithiamu ndivyo vilivyomtuliza, na akiwa ametulia hivyo akamwambia mkewe, fundi cherehani waliyemwita Sindano:

“Nikipanda huwa sijijui. Neno lako liwe juu ya langu.”

Wakakubaliana, akaandika.

Sasa mikono ilimtetemeka, kiu haikuisha, na tumbo lilimwendesha siku ya tatu.

“Safari hii si kichwa,” alisema. “Ni mwili. Niamini.”

Sindano akaufungua mlango wa kabati, akaugonga kwa kidole.

“Soma.”

“Si nimeandika mimi!”

“Ndiyo maana nafuata.”

Hata hivyo alimpeleka zahanati. Tabibu akauliza anatumia dawa gani. Alipoisikia lithiamu tu, akafunga daftari.

“Mama, mrudishe kliniki yake ya akili Alhamisi. Hapa tunatibu mwili.”

“Na huu nilioubeba ni nini?” Brashi akauliza. “Gunia?”

Tabibu akacheka. Sindano naye akacheka kidogo, kisha akajichukia.

Jioni akampigia wifi yake.

“Wifi, kaka yako anapanda tena.”

“Anakula?”

“Anakula, namtunza kama yai, wifi. Mwezi uliopita kliniki walimpima presha, wakasema kanenepa kwa ile dawa, apunguze chumvi. Mimi sipunguzi kitu nusunusu. Chumvi yote nimempa jirani. Hapati hata chembe!”

“Na vidonge?”

“Namkabidhi mkononi, anameza nikimwangalia.”

“Mungu akulipe, wifi yangu.”

Jumatano Brashi aliamka kwa ukaidi, akaenda kumalizia bango la muuza viatu. Saa nne Sindano, akiwa kwenye cherehani, akapata ujumbe:

“Mguu haunitii. Nimekaa chini ya ukuta. Si kichwa. Njoo.”

Akajibu: “Pumzika kivulini. Kesho ni Alhamisi, tutaongea na daktari wako.”

Akaendelea kushona. Baada ya nusu saa simu ikaita. Muuza viatu.

“Shemeji, mumeo kaanguka. Na hili bango nalo, utadhani kuku kapita!”

“Herufi zimepinda?”

“Zimelala kabisa.”

Sindano akaacha nguo ya watu chini ya sindano ya cherehani, akakimbia. Maana Brashi akipanda hata mawinguni, herufi zake hazikuwahi kupinda. Hilo alilijua tangu uchumba.

Hospitali ya safari hii ilikuwa kubwa, na daktari alikuwa mwanamke asiye na haraka. Alipima damu, akauliza wanakula nini. Sindano akaeleza yote, hadi ile chumvi ya jirani na Alhamisi ya tabibu.

Daktari akavua miwani.

“Lithiamu imejaa kwenye damu yake. Chumvi ikikatwa yote ghafla, figo huishikilia isitoke. Akiharisha, inazidi.”

“Kwa hiyo nimemtilia sumu mimi?”

“Hukuambiwa na mtu.”

“Yeye aliniambia. Aliniambia anaumwa.”

Daktari akavaa miwani tena, akaandika kwenye faili.

“Figo zitapona?” Sindano akauliza.

“Sijui. Tutasafisha damu, tutapima.”

“Na mkono? Ni mchoraji huyu.”

“Sijui, mama.”

“Mkiiacha dawa, akapanda?”

“Tutajaribu nyingine.”

“Kuna unachokijua, daktari?”

“Najua kwamba mngengoja hiyo Alhamisi, tusingekuwa tunaongea hivi.”

Baada ya wiki tatu Brashi alirudi nyumbani, suruali zikimpwaya, na dawa mpya ambayo hakuna aliyejua itamshika au itamwachia. Figo zilikuwa zinasuasua. Mkono ulikuwa bado unacheza. Aliomba rangi nyekundu, akasimama mbele ya kabati, brashi ikagonga mbao mara tano bila kuanza herufi hata moja.

“Shika wewe,” akasema.

“Mimi sijui kuchora.”

“Kushona si unajua? Herufi ni mshono tu. Andika hapo chini.”

Sindano akaandika, ulimi ukiwa nje kama mtoto wa shule: NIKISEMA NAUMWA, NIAMINI.

“Na ukiwa umepanda, ukasema unaumwa?”

“Nipeleke wanipime damu. Damu haina kichwa.”

Brashi akazisogelea zile herufi.

“Tangu nizaliwe sijaona herufi mbaya kama hizi.”

“Nifute?”

“Usiguse.”

“Ulinitumia ujumbe, mume wangu. Nikakwambia pumzika kivulini.”

“Ulifuata nilichoandika.”

“Nisamehe.”

“Njoo.”

Sindano akaushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akaubana kifuani ili utulie. Haukutulia. Na kwa kuwa alikataa kuuachia, akatetemeka nao.