Tundu Nyuma ya Sikio

Umewahi kuona tundu lililotobolewa vizuri mpaka nywele zikakusimama?

Kijana mmoja aliliona. Ilikuwa jioni, jua bado halijazama, amekwenda karakana ya mikufu kumchukua dada yake. Kazi nyingine hakuwa nayo. Digrii ya viumbe wa baharini, miaka minne ya kukesha, halafu "tutakupigia". Nani amepiga? Hata wrong number.

"Profesa kaja," dada akamtania, lakini sauti ilikuwa nyembamba.

Mezani kulijaa magamba ya konokono wa baharini, madogo kama punje za mahindi. Kazi ya dada ni kuyatoboa, kisha kuyatunga uzi. Yote yalikuwa yameshatobolewa. Tundu moja moja, duara, ukingo laini.

"Mashine imepona?"

"Imekufa tangu Jumatatu. Nikifika asubuhi nakuta tayari. Msimamizi kasema nitunge, nifunge mdomo."

Akaokota moja. Mambo haya aliyasoma chuoni. Kuna konokono anayetoboa gamba la mwenzake kwa ulimi wenye meno, kisha anamfyonza taratibu. Lakini hutoboa palipo na nyama. Magamba haya yaliletwa makavu, matupu.

Gunia la magamba lililokuwa pembeni likakwaruza.

Krr... krr...

Harufu ya chumvi na kitu kilichooza ikamjaa puani. Bahari yenyewe iko mbali, siku nzima kwa basi.

"Dada, twende," akanong'ona.

Dada hakuinuka. Alifunua nywele. "Niangalizie hapa, mdogo wangu. Hapaumi."

Nyuma ya sikio.

Tundu. Duara, safi, bila damu.

Akamulika kwa simu. Ndani, kitu kikajivuta... na kifuniko kidogo, kama cha konokono anapojificha, kikafunga mlango.

Krr.

Hospitali walisema ni kipele, wakampa vidonge vya maumivu asiyoyasikia. Kijana alirudi nyumbani amembeba mgongoni, mwanamke aliyembeba yeye utotoni. Dada hakuwa na uzito. Kama kapu tupu. Vitabu vyote vile, na hakuna ukurasa uliomwambia afanye nini. Sasa anakaa kando ya kitanda, anasikiliza.

Nyinyi wenye karakana, hodari wa kujibu simu zake "ofisi imefungwa": gunia lile mlilitoa wapi, na kilichokuwa ndani hutolewaje mwilini mwa mtu? Semeni leo, wakati dada bado anaitika akiitwa.