Watu Wazima Wawili na Mtoto Mmoja

Asubuhi ya pili kisiwani, kitanda cha mtoto kilikuwa kimelaliwa.

Shuka lilikuwa limesukumwa hadi miguuni na mto una kibonde kidogo katikati. Mwalimu alipokigusa kile kibonde kwa kiganja, alikikuta bado kina joto. Akautoa mkono upesi. Kwenye kitanda kikubwa mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, alikuwa anakoroma, mgongo umebabuka kwa jua la jana.

"Wewe bwana, ulihamia huku usiku?"

"Huku wapi?"

"Kitanda kidogo."

Fundi akafungua jicho moja. "Mimi na urefu huu? Hapo ungeingia mguu mmoja, wa pili ungelala barazani." Akajichekea, akageukia ukutani.

Sasa mtauliza, kitanda cha mtoto kinatafuta nini chumbani kwa watu wasio na mtoto? Hapo pana aibu, lakini tuiseme tu. Hawa wawili walikuwa na ugonjwa wa vya bei chee. Kila likizo walibeba mabegi ya mgongoni, jiko dogo la gesi na mikate, na kila walipofika mlangoni walikuwa na uongo wao mkononi. Mwaka juzi walijifanya bwana na bibi harusi. Mwaka jana Fundi alichechemea siku tisa nzima kwa sababu wagonjwa walipunguziwa. Safari hii nyumba ya wageni ilikuwa na utaratibu wake: wenye mtoto hupewa chumba kikubwa cha chini, chenye baraza na upepo, kwa bei ya kile cha darini chenye joto la tanuri. Fundi akamkonyeza mkewe. Mwalimu akasema, "Tunaye mtoto. Shangazi yake anamleta kesho."

Mama mwenye nyumba, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa uzi, akafungua daftari la wageni. Wa kike au wa kiume? Wa kike. Miaka mingapi? Mitatu, anaelekea minne. Samaki anakula? Anaogopa miiba. Analala peke yake? Analala, ila mlango usifungwe wote. Majibu yalimtoka Mwalimu bila kusita, mpaka Fundi mwenyewe akageuka kumtazama. Masikini, hakujua kwamba mkewe alikuwa nayo majibu hayo kwa miaka saba. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na kila moja ilimwachia mtoto kichwani, mwenye umri wake na tabia zake.

Wala hakujua jambo la pili. Siku za mkewe zilikuwa zimepitiliza wiki mbili. Alikuwa amepima peke yake kwenye choo cha walimu, akaona alichokiona, akauma ulimi. Mara zote tatu alikuwa amekimbilia kutangaza, na mara zote tatu alirudi kupokea pole. Hii hatamwambia mtu, hata mume, mpaka ikae. Hilo tu ndilo alilokuwa analiomba kwa Mungu kila alipofumba macho. Ikae.

Mama mwenye nyumba alikitandika kile kitanda kwa mikono yake. "Hapa kwangu mtoto akitajwa, anatandikiwa," alisema, akaweka na kikombe kidogo cha bati dirishani.

Basi siku hiyo ya pili, jua lilipofika utosini, nyumba ilinyamaza. Wageni wote walikuwa ufukweni, Fundi akiwa mmoja wao, na Mwalimu alijilaza kwa sababu kichefuchefu kilikuwa kimempanda. Alianza kusikia harufu. Maziwa yaliyochacha, alidhani, labda yamemwagika jikoni. Kisha akasikia nyayo barazani, nyayo tupu, nyepesi, zinakimbia hadi mwisho na kurudi, zinakimbia na kurudi. Akajisemea ni mtoto wa jirani. Akajisemea hivyo mara ya pili, ila zile nyayo zilikuwa zimeshaingia ndani kupitia ule mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuacha wazi kidogo bila kujua kwa nini, zikapita pembeni ya kitanda kikubwa polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mkubwa, na kitanda kidogo kikaliza springi zake, kikatulia, na harufu ikajaa chumba kizima, na hapo nyuma ya mgongo wake, alipokuwa amelala akitazama ukuta asithubutu hata kumeza mate, sauti ikasema, "Mama."

Hakugeuka. Alilala vile vile mpaka Fundi aliporudi na kumkuta analia bila sauti.

"Kuna mtu humu," alimnong'oneza.

"Mke wangu, ni jua. Kunywa maji."

"Ameniita mama."

Fundi akageuka kumchukulia maji. Ndipo akaona mkate waliouacha mezani. Ulikuwa umeng'atwa pembeni pote, meno madogo madogo, yamepangana vizuri. Mwanaume huyo aliyezoea kuwatoa nyoka nyuma ya friji za watu alipauka midomo. "Funga mabegi," alisema. "Tunahama sasa hivi."

Walitoka bila kuaga. Mtaa wa pili kulikuwa na nyumba nyingine ya wageni, chafu zaidi, na mapokezini pake alikaa karani mwenye upara akijipepea kwa kipande cha boksi. Fundi aliapa moyoni kwamba leo atasema kweli tupu. "Tunataka chumba cha watu wawili."

Karani akaandika huku akisoma kwa sauti. "Watu wazima wawili na mtoto mmoja."

"Hatuna mtoto," Fundi alisema.

Karani alicheka akidhani anataniwa. Akainama kidogo, akatazama chini, kwenye goti la Mwalimu. "Ana haya huyu, eh? Toka huko nyuma ya mama, sikuli." Mwalimu akahisi sketi yake inavutwa upande mmoja, inakunjwa na vidole.

Jamani, wapi pa kukimbilia tena? Walirudi kwa mama mwenye nyumba, wakakiri. Alivua miwani, akaishika mapajani.

"Hamna mtoto? Na huyo ninayemwona anacheza barazani tangu asubuhi?"

"Mama yetu, tulitaka chumba chenye upepo tu," Mwalimu alisema.

"Wanangu, mmenitandikisha kitanda cha nani?" Hakuwagombeza. Ingekuwa afadhali angewagombeza. "Kitu kimesikia kinaitwa, kimeambiwa umri wake na mlango usifungwe. Kimekuja. Twendeni."

Mganga wa majini aliyewapeleka kwake alikuwa mama wa makamo aliyeshona vyandarua. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, na vyandarua vyeupe vilining'inia kutoka darini hadi sakafuni, mtu anapita kwa kupangua. Alimwacha mama mwenye nyumba nje, akawakalisha Fundi na Mwalimu katikati, akatia ubani kwenye makaa. Moshi ulipanda. Chandarua kimoja, kilichokuwa mbali na dirisha, kikaanza kutikisika chini, kwa kimo cha kiuno.

"Amefika," mshona vyandarua alisema kwa sauti ndogo. "Nani kati yenu aliyemtaja?"

"Mimi," Mwalimu akajibu.

"Basi aliyemtaja ndiye wa kumkana. Utasema mara tatu, mbele yake: sina mtoto. Ataondoka. Hana nguvu nyingine ila maneno yako."

"Sema, mke wangu," Fundi alimhimiza, jasho likimtiririka. "Sema twende zetu."

"Sina mtoto."

Vyandarua vyote vikatikisika. Kilio chembamba kikaanza.

"Sina mtoto."

Kilio kikapanda, kikawa kile kilio cha mtoto aliyeachwa sokoni, na Mwalimu, ambaye alikuwa amekisikia kilio hicho ndotoni miaka saba akaamka na kukuta kitanda kina watu wawili tu, alihisi mkono wake mwenyewe unashuka, unakwenda kufunika tumbo bila kutumwa, na ulimi ukakataa kabisa kusogea.

"Na kama mtu..." alinong'ona. "Kama ndani yake kuna mwanzo tu wa mtoto?"

Mshona vyandarua aliweka chetezo chini. "Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka ikae kwanza."

Fundi alimtazama mkewe, kisha ule mkono tumboni. Utani wote ulimwisha. "Tangu lini?" aliuliza.

"Neno halichagui," mganga alisema. "Ukilisema la tatu, litamfikia na huyo wa tumboni. Usipolisema, huyu wa nyuma ya vyandarua anabaki. Sina njia ya katikati, mwanangu. Ningekuwa nayo ningekupa."

Mwalimu alimtafuta mumewe kwa macho, amsaidie kuamua. Fundi alikuwa analia kama mtoto. Kile kilio nyuma ya vyandarua nacho kilikuwa kimenyamaza, kinasikiliza.

Akavuta pumzi. Akalisema lile ambalo kwa miaka saba hakuwahi kulisema likiwa kweli.

"Ninaye mtoto."

Chandarua kikatulia. Nyayo zikaja mbio, ta, ta, ta, moja kwa moja katikati ya chumba, zikamfikia, na zikaisha. Harufu ya maziwa ikakatika papo hapo. Fundi akaruka, akamkumbatia mkewe. "Ameondoka! Ameondoka, si umesikia?"

Lakini mshona vyandarua alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Alikuwa anatazama sakafu, kati ya miguu ya Mwalimu, ambapo damu ilikuwa inadondoka, kidogo kidogo, nyeusi. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa. Aliijua. Hii ilikuwa mara ya nne.

Kisha tumbo lake, tumbo la wiki sita ambalo halikuwa na cha kuonyesha, likapigwa teke kutoka ndani.

"Nendeni hospitali mkitaka," mganga alisema, na hakuweza kuwatazama usoni. "Watawaambia mimba imetoka. Watawaambia pia mimba ipo, maana huyu amekaa mahali pake. Msigombane nao."

Fundi alibeba mabegi yote mawili, moja mgongoni na moja kifuani, akamshika mkewe mkono. Walishuka hadi gatini kwenye jua kali, taratibu, maana damu ilikuwa bado haijakata. Kila hatua mbili alimgeukia.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Mbona umenyamaza hivyo?"

"Namsikiliza. Anauliza tunakwenda wapi."

Fundi alisimama, mabegi yakimning'inia. "Umemjibuje?"

"Nyumbani," Mwalimu alisema. "Nimemwambia tunakwenda nyumbani."