Flashi ya Mama Shoti

Tik.

Kitufe cha redio kilibonyezwa jikoni. Nje bado giza, na hata ndege hawajaanza kelele zao.

Kimya alikuwa amechutama chini ya dirisha, mgongo ukutani, bastola ya Glock mkononi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande chepechepe. Aliisikia ile tik vizuri. Halafu akasikia sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba kwenye jeneza.

"Mama, umeamka? Amka basi, mama wee, chai haijichemshi yenyewe. Na dawa ya presha usiisahau. Ile ya rangi ya waridi, siyo ile uliyompa paka. Haya, mimi natoka. Baki salama, mrembo wangu."

Kikohozi kidogo. Kisha kicheko.

Siku zote Shoti alikohoa kwanza ndipo akacheka.

"Nimeamka, baba," bibi, mama yake Shoti, alijibu mle ndani, taratibu, kama anamjibu mtu aliye chumba cha pili anayefunga kamba za viatu.

Kimya aliuma meno. Alikuwa amepigwa risasi mara moja maishani, na ile haikuuma hivi.

Kidude cha sikioni kikakwaruza.

"Kimya."

"Nakupata, Mkuu."

"Shangazi yuko?"

"Yuko. Ameshaamka."

"Chemsha maji hapo hapo. Usiyabebe. Prado nyeusi imeingia mtaani na imeziba njia."

"Wangapi?"

"Mmoja anashuka. Kavaa sare ya wasoma mita. Vijana wangu wako njiani. Mzuie kwa maneno mpaka wafike."

"Sawa."

Kwa lugha ya idara ya upelelezi, Shangazi alikuwa bibi mwenyewe, na kuchemsha maji ni kufuta kitu kabisa, kisibaki hata harufu yake.

Na kitu chenyewe kilikuwa kwenye redio ya bibi.

Shoti alikuwa mpelelezi kama Kimya, ila silaha yake ilikuwa kompyuta. Kabla hawajamuua, aliwaibia wauza silaha faili lao moja tu la maana: ufunguo wa kufuli za elektroniki za ghala lile ambamo serikali ilihifadhi bunduki ilizowakamata nazo. Aliwaibia, akafuta kila nakala waliyokuwa nayo. Idara ilitafuta faili lile kila mahali. Jana tu ndipo walipogundua kuwa alimpa mama yake alitunze, bila mama mwenyewe kujua.

Wauza silaha nao walikuwa wamegundua.

Wakilipata asubuhi hii, bunduki zingekuwa barabarani kabla watoto hawajaenda shule.

Kimya aliificha bastola chini ya shati, akagonga mlango wa nyuma.

"Nani?"

"Mimi, mama. Rafiki yake Shoti."

Mlango ukafunguka kidogo. Jicho moja likamkagua toka juu mpaka chini.

"Yule aliyenimalizia sukari?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vua viatu, vimelowa. Utapata homa."

"Mama, sina muda, kuna mtu..."

"Vua."

Akavua. Bibi akaviweka karibu na jiko vikauke, kisha akainama chini ya meza na kumletea ndara za bluu, zimelika kisigino upande mmoja. Kimya alizijua. Akazivaa.

"Mama, sikiliza. Ile flashi ya kwenye redio, naihitaji. Sasa hivi. Kuna mtu mbaya anaifuata."

Mkono wa bibi ulienda kifuani.

"Humo ndimo anamonisalimia."

"Najua."

"Kila alfajiri. Alijirekodi alipokuwa safarini ili nisisikie upweke. Sina nyingine."

"Sitaigusa sauti yake, mama. Naapa. Uliwahi kuona kwamba nafasi yake imepungua?"

"Aa! Fundi simu wa pale kona aliniambia. Imeandikwa thelathini na mbili, ndani kumi na sita tu. Nikasema masikini, mwanangu wamemuuzia kitu kibovu."

"Si mbovu. Shoti aliijengea ukuta katikati. Vyumba viwili. Redio inaingia cha kwanza, inamkuta anakusalimia, inadhani nyumba imeishia hapo. Cha pili ndicho kina mali ya wale wabaya. Nafuta hicho peke yake."

Bibi aligeukia redio. Kisha akaichomoa flashi kwa vidole viwili, akaipangusa kwenye kanga yake, akampa.

Ilikuwa SanDisk nyeusi, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Ilikuwa bado ya moto.

Kimya alifungua ThinkPad yake juu ya meza ya kupigia pasi. Alitamani kunakili salamu zile kwanza, lakini kompyuta za idara zilifungwa: zinasoma na kufuta, hazihifadhi faili la mtu wa nje hata moja. Alichomeka flashi. Taa ya bluu ikaanza kupepesa. Vyumba viwili vikajitokeza kwenye kioo, vimepakana.

Akaita Fagio.

Fagio ilikuwa programu ya idara ya kufutia. Haifichi faili, inaandika sufuri juu ya kila kitu mpaka hata mchawi asiokote kitu. Aliyeiandika ni Shoti. Na Shoti, kwa kuwa hakupenda kazi nusunusu, aliipanga ianze na chaguo la diski nzima. Anayetaka chumba kimoja ashuke mstari mmoja chini. Kwa miaka yote ya kazi, Kimya hakuwahi kushuka. Idara haifuti nusu ya kitu.

"Hodi humu ndani! Tunasoma mita!"

Bibi na Kimya walitazamana.

Vidole vya Kimya vikaenda vyenyewe. Enter. Enter. Kama alivyofanya kila siku ya kazi yake.

Bibi akaifunika kompyuta kwa rundo la nguo zilizokunjwa, akachomeka pasi kwenye umeme, akamsukumia Kimya pamoja na shuka.

"Piga pasi," alinong'ona. "Karibu, baba! Mlango uko wazi."

Mtu aliingia. Sare ilikuwa ya mita, lakini viatu vilikuwa vya ngozi, vinang'aa kama kioo, saa mkononi ilikuwa Rolex, na shati lilikuwa limetuna kiunoni kwa bastola.

"Mita iko nje, baba."

"Nitaiona. Kwanza nikupe pole kwa msiba, mama. Nilimfahamu marehemu."

"Asante. Kaa. Nikupe maji?"

"Sina kiu. Na huyu nani?"

"Mwanangu."

"Nilidhani mwanao alifariki."

"Ninao wengine," alisema bibi, akaenda kumletea maji hata hivyo.

Kimya alipitisha pasi juu ya shuka. Akanyanyua ukingo wa nguo kidogo, achungulie kioo.

Akaona.

DISKI NZIMA.

Mstari wa kijani ulikuwa umeanzia mwanzo kabisa wa flashi. Chumba cha kwanza. Cha salamu. Ulikuwa unakula polepole, kuelekea kwenye ukuta.

Pasi ilisimama mkononi mwake.

Fagio haina breki. Njia ilikuwa moja tu: kuichomoa flashi. Angeichomoa sasa, salamu zingine zingepona. Pengine ile ya asubuhi hii. Pengine ile ya paka.

Na ufunguo wa ghala ungepona pia, mbele ya mwanaume mwenye bastola kiunoni.

Mkono ulikuwa karibu. Ulifika mpaka kwenye ile flashi. Ukaigusa.

Ukarudi.

"Kaka, unaunguza," alisema mgeni.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye shuka.

"Si mara ya kwanza," alisema bibi. "Huyu kazi za mikono hazijui. Kunywa maji yako."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya flashi. Marehemu alikuachia. Tuelewane kwa amani."

"Flashi? Kile kidude cha redio? Nilikiweka kwenye chaji, kikalipuka."

"Flashi haichajiwi, bibi."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

Mgeni hakucheka. Akasimama. Taa ya bluu ilikuwa inapepesa kupitia kitambaa cheupe cha mto, na macho yake yaliifuata. Beretta ikatoka, ina mtutu wa kuzuia mlio.

"Toka hapo mezani."

"Subiri nimalize upande huu," alisema Kimya.

"Toka!"

"Shuka la mama hili. Ana masharti yake."

Alipiga pasi upande ule. Polepole. Akakunja. Akakunja tena. Risasi ikatoboa ukuta karibu na sikio lake, *pfu*, na bibi akaangusha kikombe.

Chini ya nguo, kompyuta ililia mara moja, kama kengele ndogo.

Imekamilika.

Kimya aliinua mikono.

"Chukua."

Mgeni akazitupa nguo chini, akaing'oa flashi, akaichomeka kwenye tableti yake. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefika. Kisha ikamtoka.

*Diski hii haijafomatiwa. Je, ungependa kuifomati?*

"Umefanya nini?"

"Nimechemsha maji."

Beretta ilipoinuka, pasi ya moto ilikuwa imeshatua kwenye kifundo cha mkono. Yowe. Bastola chini. Goti tumboni. Rolex ikagonga sakafu, na mwenyewe akaifuata. Mlango ukafunguka na vijana wa Mkuu wakaingia.

"Kimya, hali?" Mkuu aliuliza sikioni.

"Safi."

"Ufunguo?"

"Haupo tena."

"Kazi nzuri."

Kimya alikitoa kidude sikioni. Walimtoa mgeni, na Prado ikaondoka ikiwa na dereva mwingine.

Jikoni kulikuwa na vipande vya kikombe na harufu ya shuka lililoungua. Kimya aliinama kuokota. Bibi aliichukua flashi, akaipangusa tena, akairudisha kwenye redio.

Tik.

Redio ilikaa kimya.

Akabonyeza tena.

"Mama," alisema Kimya. "Nilikosea. Niliapa, halafu mkono ukafanya ulivyozoea. Nilipoona, ningeweza kuichomoa, zingine zikabaki. Sikuichomoa."

Bibi alikaa. Alikaa taratibu sana, kama kiti kiko mbali.

"Kile cha chumba cha pili," alisema mwishowe, "ndicho kilichomuua?"

"Ndiyo."

"Haikuwa gari."

"Haikuwa gari, mama."

"Nilijua. Wewe ulipokuja kunipa habari ya ajali hukukaa kwenye kiti." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Asingependa wakipate. Angenikasirikia."

Ndipo akalia. Hakupiga kelele. Kimya alipiga goti sakafuni, kwenye ndara za rafiki yake, akamshika mikono mpaka kilio kilipopita.

Baadaye, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa, aliichomeka flashi tena. Akaunda chumba kimoja, toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna ukuta. Akaifomati kwa namna ambayo redio ile inaisoma. Akaipa jina: MAMA.

"Sasa ni thelathini na mbili zote," alisema.

Bibi alichungulia kioo cheupe kisicho na kitu.

"Kumbe ilikuwa kubwa hivi."

Jua lilikuwa limepanda. Kimya aliiweka sawa Glock kiunoni, akavaa Ray-Ban zake, akashuka ngazi za nyuma kwa mwendo wake ule wa siku zote, wa mtu asiye na haraka na lolote. Alikuwa amefika getini bibi alipomwita.

"Umeenda na ndara!"

Alisimama. Hakugeuka, maana miwani ile haikuficha kila kitu.

"Nizirudishe, mama?"

"Utazirudisha ukija. Viatu vyako bado havijakauka." Akashuka ngazi moja. "Njoo tena, baba. Njoo alfajiri moja, upite hapo dirishani, uniulize kama nimeamka."