Kitambaa cha Kufunikia Kompyuta

Ndugu zangu, naomba tusikilizane. Nyumba ninayoisema imepakana na yangu kwa ukuta mmoja, na jioni zake nilizijua kwa masikio.

Baba wa nyumba ile ni mchoraji wa ramani za majengo. Kazi aliifanyia pembeni mwa sebule, kwenye kompyuta ya mezani, jitu zima lenye feni iliyokoroma kutwa. Jioni mkewe alilifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kikishashuka, hata mteja awe nani, kazi imekwisha. Ndipo binti yao aliposogeza kigoda mbele ya baba yake amsimulie ya shuleni.

Binti ana kigugumizi. Mtaalamu wa hospitali aliwaonya: mtazameni usoni, msubirini, msimmalizie neno. Baba alisubiri. Neno moja liliweza kukwama mpaka chai ikapoa, naye ametulia tu. Mtoto akafunguka mpaka tukambandika jina la Chiriku. Ukienda kuomba chumvi pale, huondoki bila hadithi nzima.

Siku moja feni ikanyamaza, jitu likafa. Baba akanunua laptopu, au kompyuta mpakato kama wasomi wanavyotusahihisha. Tukampongeza. Nyepesi, nyembamba, inakwenda popote. Na kweli ilikwenda popote: mezani wakati wa kula, kitandani, mpaka msalani. Kitambaa kilikuwa kikubwa mno kwake, mke akakikunja akakitia kabatini.

Chiriku aliendelea kusogeza kigoda. Ila sasa baba ana laptopu mapajani, macho yapo kwenye mistari ya ramani zake.

"Sema tu, mwanangu, nakusikia."

Neno likikwama, alimrushia la kwake ili wamalize haraka. Mara nyingi halikuwa lenyewe. Mwanzoni mtoto alikataa kwa kichwa. Baadaye alichoka, akawa anaitikia lolote.

Mkewe alimwambia zaidi ya mara moja kwamba mtoto anapungua maneno. Alijibu kwamba siku hizi anakaa na familia zaidi kuliko zamani. Jamani, mwili ulikuwepo, sibishi.

Kigoda kikarudi jikoni. Shuleni walimu walidhani ni kiburi, maana akiulizwa anatazama chini. Mwishowe hata mama yake akawa anapata ishara za mkono tu. Wakamrudisha kwa mtaalamu, naye akauliza ni nani anayemmalizia maneno.

Jioni hiyo nilikuwepo sebuleni kwao. Baba aliizima laptopu, akatoa kitambaa kabatini, akaifunika yote mpaka ikapotea. Akamketisha binti mbele yake, akamshika mikono.

"Niambie chochote, mama. Leo nakusubiri mpaka kuche."

Mtoto alimtazama usoni.

"Ma... ma... malizia wewe," alisema, akaenda kulala.

Tangu hapo hajasema tena. Baba hufunika laptopu kila jioni, akaketi mbele ya kigoda kitupu. Ukuta wetu ni mwembamba. Nasikiliza, sisikii kitu, na roho inaniuma.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, mashine ya zamani ilikuwa na mahali pake, ndiyo maana nasi tulibakiwa na petu. Hii mpya haina mahali, tuiwekee sisi. Mtoto anapokusemesha, mtazame usoni, na neno lake mwachie alimalize mwenyewe. Usijiambie utamsikiliza ukipata nafasi. Siku ukiipata, huenda yeye amekwisha kunyamaza.