Vazi Lililorudi na Joto

Fundi cherehani alipolitoa vazi la jini kwenye ndoano, lilikuwa na joto, na kwapani limelowa jasho. Lilikuwa la mdogo wake, mnenguaji wa klabu, na mdogo wake alikuwa na siku tatu kitandani nyumbani, miguu imekufa ganzi.

"Nani alilivaa jana?" alimuuliza meneja.

"Si mdogo wako? Wageni waliacha meza za kamari wakaja kumtazama yeye. Mwambie aendelee hivyohivyo."

Bosi akishafurahi, utamwambia nini? Ila fundi alilijua kosa lake mwenyewe. Klabu ile ya kasino ilipambwa iwe kasri la majini, na siku ya ufunguzi barakoa ya vazi hilo ilikosa nyusi. Uzi mweusi ulikuwa umemwishia, akachomoa nywele za mdogo wake kwenye kitana, akazishona ziwe nyusi. Uvivu tu.

Ganzi ilipanda kiunoni, ikapanda kifuani, na kila siku fundi alilikuta vazi lina joto na linanukia udi ambao hakuna aliyeufukiza, akarudi nyumbani kumfinya mdogo wake mkono, bega, shavu, akitafuta mahali palipobaki hai.

"Dada, nakwisha?" mdogo wake alinong'ona.

"Huendi popote. Lala."

Mganga aliposikia habari ya nywele alishusha sauti. "Umempa jini mwili. Zifumue zote, lakini mgonjwa awe mbele yako, umemshika. Jini akitoka kwenye vazi asimkute peke yake."

Lakini vazi la klabu halitoki getini; walinzi hupekua hadi pochi. Na mgonjwa asiyeweza kukaa angefikishwaje pale? Fundi aliogopa kungoja siku moja zaidi. Mchana ule, chumba cha mavazi kikiwa kitupu, alifumua nywele moja moja mpaka barakoa ikabaki bila nyusi. Vazi likapoa. Alikimbia nyumbani moyo ukimdunda kwa furaha.

Mdogo wake alikuwa amesimama jikoni. Alikuwa ameipua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, ngozi ya viganja ikichubuka, na alikuwa anatabasamu. Nyumba nzima ilinukia udi.

"Mdogo wangu," fundi aliita. Alitaka kulia, machozi hayakuja.

Yule aligeuka taratibu, akajinyoosha mabega, akajipapasa kiunoni kama mteja mbele ya kioo.

"Mwili huu ni mzuri zaidi, fundi," alisema. "Haunibani popote."