Ubao wa Nyumba Kumi na Moja

Bi Kuwabara anasema alibonyeza mara tatu. Anasema alivaa miwani, akaketi vizuri, akabonyeza muhuri wa nyumba yake kwenye simu, nao ukatokea mwekundu kabisa. Lakini nafasi za nyumba nyingine kumi zilibaki nyeupe siku ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Akajua majirani hawana habari kwamba Jumapili saa mbili asubuhi kuna kusafisha mfereji wa mashamba. Basi akavaa mabuti, akatoka kwenye mvua kubwa, akagonga kila mlango. Na kila nyumba, anasema, ilimwambia neno lilelile: sisi tumebonyeza, wewe ndiye hujabonyeza.

Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu. Mengine yote yalikuwa kweli, na Tomoe alijua, maana ubao ule wa matangazo kwenye simu ni yeye aliyeutengeneza.

“Binti, umetufanya wajinga watu kumi na mmoja kwa asubuhi moja,” Bi Kuwabara alimwambia. “Marehemu mume wangu, kunifanya mjinga mimi peke yangu, ilimchukua wiki nzima.”

Akaongeza kwamba Jumapili atamwambia Mzee Oguni, mwenyekiti wao, warudi kwenye ubao wa mbao.

Ubao wa mbao ulikuwa na umri kumzidi Tomoe. Tangazo linabanwa juu yake, nyumba ya kwanza inasoma, inagonga muhuri wake kuonyesha imesoma, inampelekea jirani. Nyumba ya kumi ni ya Bi Kuwabara. Ya kumi na moja, kule juu kilimani, ni ya Bibi Fusa, nyanya yake Tomoe, anayeishi peke yake; Bi Kuwabara ndiye humpandishia ubao. Habari humfikia siku ya tisa. Mwezi uliopita maji yalikatwa Jumanne, na ubao ukafika Alhamisi. Bibi Fusa alikaa siku nzima bila tone la maji.

Tomoe alifanya kazi ya kupanga mayai mjini, na kila Alhamisi alijifunza kutengeneza programu za kompyuta. Baada ya mkasa ule wa maji akaamua zoezi lake liwe ubao huu. Sasa zilibaki siku tatu kufika Jumapili. Akishindwa, bibi yake anarudi kwenye siku ya tisa.

Alimpelekea simu mwalimu wake, Mwalimu Momose, fundi wa kompyuta wa chama cha wakulima wa mpunga. Mwalimu aliweka simu mbili mezani, yake na ya Tomoe. Akabonyeza muhuri kwenye moja. Ukawa mwekundu. Ile nyingine ikabaki nyeupe.

“Muhuri wangu umekwenda wapi?” akauliza.

“Uko kwenye ubao.”

“Ubao upi?”

Tomoe akatazama simu moja, kisha nyingine. Aliona kosa lake. Karatasi ukiigonga muhuri, wino unabaki pale pale, na karatasi inakwenda kwa mwingine. Yeye alidhani ukurasa wa simu nao ni hivyo.

“Wa mbao mnao mmoja, unatembea,” Mwalimu Momose akasema. “Huu wako umeufanya kumi na moja, na kila mmoja umelala kwa mwenyewe. Umejenga dirisha zuri la posta, mwanangu. Ndani hamna karani wala rafu.”

Akamweleza polepole. Programu ya namna hii ina sehemu tatu. Uso ndio watu wanaouona na kuubonyeza, kama dirisha la posta. Nyuma yake kuna seva, ndiye karani: anapokea ombi, analichunguza, anajibu. Mwisho kuna hifadhidata, ndiyo rafu, ambapo kila kitu kinawekwa mara moja kwa ajili ya wote. Mteja haruki dirisha kwenda kwenye rafu. Na karani asikubali kila anachoambiwa. Kila nyumba iwe na namba yake ya siri.

“Na jaribu kwa majina ya kubuni kwanza,” akamwonya. “Majirani si vifaranga vya kufanyia majaribio.”

Tomoe akabuni nyumba ya Mwanzi na nyumba ya Figili. Akaandika karani wake. Mara ya kwanza karani hakujibu kitu. Mara ya pili alimpokea Mwanzi, akamwandika Figili. Tomoe hakukata tamaa. Alisoma mstari kwa mstari, kama anavyokagua mayai kwenye mwanga. Ijumaa jioni akabonyeza kwenye simu ya kwanza, akatazama ya pili. Doa jekundu likatokea. Alicheka peke yake, akabonyeza tena na tena.

Jumapili, watu wakiwa bado na tope miguuni, akawawekea ubao mpya, akawaeleza habari za karani na namba za siri. Mihuri ilianza kutokea kwenye simu zote kwa pamoja, na Mzee Oguni akawa anaihesabu kwa sauti kama mtoto. Bi Kuwabara alijaribu kumbonyezea jirani yake. Ubao ukamkatalia. Akajaribu kwa nyumba ya mwenyekiti. Ukamkatalia.

“Huyu karani hahongeki,” akasema. “Mwachieni mwezi mmoja.”

Wiki iliyofuata lilitoka tangazo jingine la kukatwa maji. Lilifika nyumba zote Jumatatu asubuhi, na kufikia jioni mihuri ilikuwa kumi. Nafasi ya Bibi Fusa ilibaki nyeupe. Jumanne, nyeupe. Jumatano Tomoe alipanda kilima mbio kwa baiskeli.

Mlangoni alikuta mabuti ya Bi Kuwabara. Ndani kulikuwa na chai, figili za chumvi, na ndoo nne zimejaa maji mpaka ukingoni.

“Siku mbili habonyezi,” Bi Kuwabara alikuwa akilalamika. “Nikasema huyu keshakufa na sufuria yangu aliyoazima.” Akainuka kwenda kuitafuta hiyo sufuria jikoni.

Bibi Fusa akamsogelea mjukuu wake.

“Nilisoma Jumatatu ileile,” akanong’ona.

“Sasa mbona hukubonyeza, bibi?”

Bibi Fusa alimimina chai kwenye kikombe cha tatu, bila haraka. Jikoni vyombo viligongana.

“Mwambie huyo karani wako,” akasema, “muhuri wangu mimi uwe unachelewa siku mbili. Utaweza, mjukuu wangu?”

Bi Kuwabara akarudi na sufuria, akaketi, akasukuma kikombe chake mbele kijazwe.