Kichanja cha Gesi cha Fundi Cheche

Siku ya kupika pombe, nyumba ya Fundi Cheche ilinukia kimea mpaka kwenye mashuka. Mpishi alikuwa mkewe. Alipika kwa kuni, uani, juu ya mawe matatu. Wageni wakionja pombe yake walikatiza maongezi. Walikunywa kimya kwanza, kisha mmoja wao alitikisa kichwa na kuuliza, "Mama, una nini kwenye mikono yako?"

Mikono hiyo ilifanya kazi ya punda. Maji yakichemka, mama aliyabeba na kuyamimina kwenye pipa la kimea. Kimea kikishatoa utamu wake, aliuchota kwa ndoo na kuurudisha motoni uchemke. Kuinua, kubeba, kumimina, kutwa nzima. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na jina la Cheche alilipata huko karakanani. Jioni alilalamika kwamba vyuma ni vizito. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza sufuria la mkewe lina uzito gani.

Ndipo siku moja jiwe likateleza. Sufuria likainama, na maji ya moto yakamwagikia mguu wa mama. Lo! Ukelele wake ulimtoa Cheche karakanani mbio, miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni. Alimmwagilia mguu maji baridi ya bomba kwa muda mrefu, kisha akampeleka zahanati.

Mguu ulipona polepole. Siku mama alipoweza kuvaa kiatu tena, aliosha masufuria yake yote, akayafunika kwa gunia.

"Unayaficha?" Cheche akauliza.

"Nayastaafisha. Sipiki tena, mume wangu. Kazi hii naipenda kuliko chakula, lakini sasa naiogopa."

Cheche aliinua pembe ya gunia, akairudisha. Mke wake hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Kama kazi aipendayo inamtisha, basi kuna kitu kikubwa kinavunjika ndani ya nyumba, naye yupo anakitazama.

"Nipe muda kidogo," akasema. "Usiyatoe masufuria kwa mtu."

Akaanza kukata vyuma. Alitengeneza kichanja chenye hatua tatu, mfano wa ngazi pana. Hatua ya juu ilikuwa ya pipa la maji ya moto. Hatua ya kati ilikuwa ya pipa la kimea, lenye chujio chini. Hatua ya mwisho ilikuwa ya sufuria kubwa la kuchemshia. Kila pipa alilitia koki. Juu aliweka jiko la gesi, na chini jiko jingine. Mama alizunguka kile kichanja, akagusa kila koki kwa kidole.

"Kwa hiyo maji yatashuka yenyewe?"

"Yatashuka yenyewe, mama. Wewe kazi yako kufungua koki tu, kama bibi harusi."

Walikiingiza kwenye stoo. Stoo yao ilikuwa chumba cha chini, unashuka ngazi chache ili kuingia. Cheche aliipenda kwa sababu upepo haukufika humo. Mtungi wa gesi aliusimamisha chini ya jiko, katikati ya miguu ya kichanja. Alikosa mpira wa gesi, akakata mpira wa kumwagilia maua, akaufunga kwa waya. Akafungua mtungi.

"Kuna harufu," mama akasema. "Kama kitunguu kilichooza."

"Mimi sisikii kitu. Pua yangu ilikufa zamani kwa moshi wa kuchomelea." Cheche akatoa kiberiti mfukoni. "Ngoja nikipitishe kwenye mpira. Panapovuja patawaka, tutapaona."

"Wewee! Usiwashe!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mdogo wake mama, amekuja kumjulia hali dada yake. Kazi yake ilikuwa kufunga mabomba ya gesi kwenye majiko ya hoteli na hospitali. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti yake ilitosha soko zima.

"Usiwashe kitu! Swichi ya taa msiiguse! Shemeji, funga mtungi hapo ulipo, kisha tokeni nje wote. Acheni mlango wazi!"

Cheche akafunga mtungi, wakatoka. Walisimama uani, mbali na mlango. Kiberiti kilikuwa bado mkononi mwa Cheche.

"Shemeji, mimi na moto tunafahamiana," akajitetea. "Na dirisha lilikuwa wazi."

"Dirisha liko wapi?"

"Juu."

"Na gesi iko wapi?"

Cheche akaangalia chini.

"Gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa," shemeji akasema. "Ikivuja haipandi kama moshi. Inashuka kama maji. Inatambaa sakafuni, inatafuta shimo, inatulia humo. Hiyo stoo yako ni beseni. Mlikuwa mnalijaza gesi, na wewe umesimama katikati na kiberiti! Hata cheche ya swichi ingetosha."

Cheche aliutazama mlango wa stoo. Ndani aliona ukuta, gunia na ufagio. Hakuona kingine chochote. Miaka yote alicheza na moto anaouona, na kumbe kulikuwa na moto usioonekana umelala miguuni pa mke wake.

"Jamani," akasema kwa sauti ndogo. "Ningemuua."

"Hujamuua," mama akasema, akamshika mkono. "Haya, tupa hicho kiberiti huko."

Walisubiri mpaka stoo ikapata hewa na harufu ikaisha kabisa. Ndipo wakakitoa kichanja na mtungi, wakaviweka uani kwenye hewa. Shemeji akaomba sabuni na maji kwenye kikombe. Akakoroga mpaka povu likajaa, akampa Cheche.

"Kiberiti chako ni hiki. Paka povu kwenye viungo vyote. Usiwashe jiko. Mimi nitafungua mtungi kidogo tu."

Cheche akapaka. Akachuchumaa. Pale alipofunga waya, kipovu kimoja kikaota. Kikavimba taratibu, kikang'aa rangi, kikapasuka. Kingine kikaota palepale. Kisha kingine.

"Kinapumua!" akanong'ona. "Mama, njoo uone. Kinapumua kama kiumbe!"

Mama akainama naye. Walikaa hivyo wote wawili, midomo wazi, wakitazama kile ambacho dakika chache nyuma kilikuwa hakionekani. Shemeji akafunga mtungi, akacheka.

"Watu wazima hawa! Sasa sikilizeni. Mpira wa maua ni wa maua. Tafuta mpira wa gesi, na bana za chuma za kuufungia, siyo waya. Weka na regulata nzima, kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gesi ya mtungi. Na mtungi wako, shemeji, nani alikwambia uuweke uvunguni mwa moto?"

"Niliona ukikaa pembeni unabana nafasi."

"Ungetubana sisi! Mtungi unasimama wima, pembeni, mbali na joto. Mpira usiguse chuma cha moto."

Kichanja hakikurudi stoo tena. Cheche alikijengea kibanda uani, chenye paa na ukuta mmoja wa kuzuia upepo. Pande nyingine aliziacha wazi, maana jiko nalo linakula hewa, na ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kumuua mtu taratibu. Alinunua mpira wa gesi, bana na regulata, akausimamisha mtungi pembeni, akaipanua miguu ya kichanja. Akajaza mapipa yote maji baridi, akakisukuma kwa bega. Hakikutikisika. Akafungua mtungi kidogo, akapaka povu tena kila kiungo. Safari hii povu lilitulia tu, halikuota kitu.

"Kiberiti kwanza, koki ya gesi baadaye," shemeji akasema. "Ukianza na gesi, inajikusanya, halafu inakurukia usoni."

Cheche akawasha kiberiti, akakisogeza jikoni, akafungua koki. Moto ukashika kwa mvumo mdogo. Ulikuwa wa buluu pande zote. Haukuwa na moshi wala masizi. Mama aliweka mkono kifuani.

"Mbona mzuri hivi?"

"Ukiuona wa njano na masizi, jua jiko halipati hewa ya kutosha," shemeji akajibu. "Zima, lirekebishe."

Siku hiyo walichemsha maji matupu, kwa majaribio. Siku ya pili yake mama aliyatoa masufuria yake chini ya gunia, akapika pombe.

Maji ya juu yalipopata moto, alifungua koki. Yakashuka kwenye kimea, na mvuke mtamu ukapanda. Akangoja. Akafungua koki ya pili. Utamu wa kimea ukateremka mwembamba, wa rangi ya asali, ukaingia kwenye sufuria la mwisho. Hakuna aliyeinua kitu. Mara mbili mama alinyoosha mkono kutafuta ndoo, na mara zote mbili mkono ulirudi mtupu.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza, karibu alie.

"Kaa," Cheche akasema. "Hapa nitalinda mimi."

Kulinda ilikuwa lazima. Shemeji alikuwa ameonya kwamba pombe ikianza kuchemka inapanda povu. Likifurika linazima moto, na gesi inaendelea kutoka kimyakimya. Kwa hiyo sufuria halijazwi mpaka juu, na mtu haondoki. Povu lilipopanda, Cheche alipunguza moto. Likashuka. Alihisi kama ameambiwa siri kubwa.

Alipogeuka kumwita mkewe aone, aliacha. Mama alikuwa amelala kitini. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta, mikono iko wazi mapajani, mguu wenye kovu umenyooshwa juani. Miaka yote ya ndoa yao, Cheche hakuwahi kumwona amelala mchana, sembuse siku ya kupika pombe. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama ule moto wa buluu.

"Hodi humu ndani!" sauti ya shemeji ikavuma kutoka getini.

Cheche akageuka haraka, kidole mdomoni.

"Shii, shemeji. Pita polepole. Dada yako anapika."